Jina la Octave Lililokaa Mfupani

Kwa watu wa mtaa wa Panda, Octave ni kama hana jina. Mkewe Marcelline humwita Baba Aimée, na majirani vivyo hivyo, hata padri. Mke kumtaja mumewe kwa jina lake ni kukosa adabu, na Marcelline, binti wa watu wa Kasai, hajawahi kukosa adabu hiyo tangu waoane.

Ndiyo maana Octave alijivuna kupita kiasi siku ile Stéphane, mtaalamu wa mifupa ya kale ambaye Octave alikuwa dereva wake mbali huko kaskazini, alipompa mnyama wa kale jina la Octave. Octave alikuwa amesimamisha gari ili ajisaidie, akaona mfupa umetokeza kwenye jiwe jekundu. Mifupa ilipelekwa Ulaya; mnyama mwenyewe, alielezwa, alikuwa mla nyama mdogo wa kutembea kwa miguu miwili, mmoja wa dinosaria wa mwanzo kabisa. Basi kila aliyepita kibarazani alisikia habari zake.

"Minye niko na majina Ulaya," alisema Octave, maana yake ana mwenzake wa jina moja huko. Na kwake yeye wa jina moja ni kama pacha: mmoja akipatwa na jambo, na mwingine ajihadhari.

Majivuno hayo yakamgeukia. Wiki aliyopangiwa kupasuliwa ngiri, binti yake Aimée alimsomea kwenye simu kwamba mtaalamu mwingine amepinga. Mifupa ile si ya mnyama mpya, ni ya mtoto wa mnyama aliyekwisha kupewa jina zamani, na kwa kanuni zao jina lililotangulia ndilo linalobaki. Wengine wakadai si dinosaria hata kidogo, ni jamaa ya mamba. Octave akaacha kula. Kila asubuhi aliuliza, "Banasema nini?" kama mtu anayengoja hukumu.

"Weye mutu muzima, unaogopa mufupa?" Marcelline alimkemea.

"Si mufupa njo naogopa. Nitalala pa meza, banipasule, na kule banasema Octave hayiko. Nitaamuka je?"

Marcelline alitaka kucheka, ila aliona sahani ya mumewe imejaa vilevile. Hofu ikamwingia na yeye.

Siku ya upasuaji, wakiwa wamekaa na Aimée kwenye benchi la hospitali, simu yake ililia. Alikuwa Stéphane. Alizungumza taratibu, kwa aibu: wamekubaliana wote, hata yeye mwenyewe. Jina limefutwa. Octave alimrudishia Aimée simu.

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akatokeza.

"Octave?"

Hakuna aliyeinuka.

"Octave iko wapi?"

Mzee alibaki ameshikilia benchi. Aliona kabisa kwamba akiitika, ataitikia jina la marehemu, na humo ndani atamfuata.

Marcelline alisimama. Alimshika mumewe shavuni mbele ya muuguzi, mbele ya binti yao, mbele ya wagonjwa wote wa benchi lile.

"Octave," alisema.

Aimée aliinamisha uso kwa haya. Hakuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwa mama yake.

"Octave, banakuita. Minye niko hapa."

Mzee aliinuka kwenye benchi.

"Niko," akaitika, akamfuata muuguzi.