Njia ya Kwenda Mnara wa Moto

Wakati wa Mwingereza kulikuwa na mnara wa kuangalia moto juu ya kijiji chetu, pale msitu wa Kilimanjaro unapokwisha na vichaka vya baridi kuanza. Baba yangu alikuwa mlinzi wake. Kila kiangazi alikaa huko peke yake akitazama kama kuna moshi, maana warina asali walikuwa na tabia ya kufukiza nyuki na kuacha vijinga vikiwaka. Akiona moshi alipiga pembe, na watu wa vilima vya chini wakapokezana mlio mpaka habari ikamfikia Bwana Miti, ofisa wa misitu.

Chakula alipelekewa na mama: ndizi, maharage, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Na tangu nilipoanza kuelewa maneno, mama aliniambia kwamba mimi nilizaliwa huko juu.

Hakuna aliyemwamini. Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani muda mrefu, analishwa mtori na siagi, wanawake wa ukoo wakiwa wamemzunguka. Mama mkwe na mawifi walikuwa wamejiandaa kabisa kwa kazi hiyo. Halafu siku moja mama akateremka kutoka msituni na mtoto kifuani, baba nyuma yake amebeba kikapu. Baba alipoeleza kwamba uchungu ulimshika mama huko huko mnarani, na kwamba yeye ndiye aliyenipokea, dada yake mkubwa alimkatiza mbele ya watu. Mwanamume hazalishi, alisema. Huyu wifi yangu amejifungulia kichakani kama mbuzi, na sasa mnatafuta maneno ya kufunika aibu.

Baba alifariki kwa ugonjwa wa kifua nikiwa bado mdogo. Serikali ikajenga mnara mwingine upande ambako gari liliweza kufika, na njia yetu ikaachwa. Mama akabaki na habari yake bila shahidi.

Nilikua, nikaenda kusomea ukunga katika hospitali ya misheni. Niliporudi likizo yangu ya kwanza, tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, nikamwuliza mama kuhusu siku ile, safari hii kama mkunga. Uchungu ulianza vipi, chupa ilipasuka wapi, kitovu kilikatwa na nini, kondo la nyuma lilitoka baada ya muda gani. Alijibu yote bila kusitasita. Kisha akasema, "Baba yako alilizika lile kondo. Alinionyesha mahali."

"Mama," nikasema, "twende tukaone."

Aliacha kumenya. "Njia imekufa, mwanangu. Na goti langu unalijua."

Lakini asubuhi alikuwa amevaa tayari. Shangazi naye alikuwa amesimama uani, yule yule dada mkubwa wa baba, na panga mkononi. Sijui nani alimpelekea habari.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nakwenda nanyi. Nimechoka na maneno haya. Leo nitaona kwa macho yangu, kisha tunyamaze sote."

 Mama alinikabidhi kikapu cha chakula, tukaondoka.

Mpaka pale mfereji wetu unapochepuka kutoka mtoni, njia ilikuwa ya watu. Wanawake walipita hapo kila siku kukata majani ya ng'ombe. Juu ya hapo msitu ulikuwa umejifunga. Shangazi alitangulia akifyeka, akilalamika kila alipofyeka. Majani yanayowasha yalitufikia mpaka shingoni. Mbega walitutazama kutoka juu, kisha wakatoweka. Ukungu uliposhuka, kila mti ukafanana na mwenzake.

Tukatokea kwenye njia pana, safi, ardhi yake imeshindiliwa vizuri. Shangazi akapumua. "Si hii hapa? Na mlisema imekufa."

"Hii ya tembo," mama akasema. "Inakwenda majini."

"Basi ya kwako iko wapi?"

Mama aligeuka huku, akageuka kule. Nilimwona amepotea, na nikaona shangazi naye ameona. Mama alikaa kwenye gogo akakamata goti lake. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilijiuliza kama mama yangu alikuwa amejitungia, na nilichukia sana kujiuliza.

"Turudi, wifi," shangazi akasema, na hakusema kwa ubaya. "Mvua ikitukuta hapa tutaumia."

 Mama akainuka, akasokota kitambaa chake kuwa kata, akakiweka kichwani. "Nipe hicho kikapu," akaniambia.

"Mama, goti."

"Nipe. Njia hii sijawahi kuipita mikono mitupu. Mwenye mzigo kichwani haangalii miti, anaangalia miguu yake. Mimi miti hii siijui. Najua ya chini."

Nikamtwika. Alisimama kidogo, shingo imenyooka, macho yametazama chini. Kisha akapiga hatua kutoka kwenye njia ya tembo, akaingia moja kwa moja kwenye majani, pale ambapo mimi nisingediriki kupita. Chini ya majani kulikuwa na jiwe bapa. Baada ya jiwe, mzizi uliolala kama ngazi. Baada ya mzizi, ukingo wa udongo uliolingana na kiuno chake. "Hapa nilikuwa natua," akasema, na mara akaendelea bila kutua. Shangazi alilazimika kukaza mwendo ili asiachwe. Hakulalamika tena.

Mwanga ulibadilika kabla sijaelewa kwa nini. Miti mikubwa ilikuwa imekwisha. Tulisimama kwenye nyasi na vichaka vifupi, Kibo ikiwa mbele yetu, karibu mno, na chini yake mnara. Ulikuwa umeinama upande mmoja na kuota kuvu, lakini nguzo zake zilikuwa bado zimesimama.

Kibanda cha baba kilikuwa kimeanguka. Yalibaki mafiga yake na vipande vya mabati. Mama alikwenda taratibu nyuma ya kibanda, mahali alipoonyeshwa, akasimama. "Njooni," akaita.

Ilikuwa ni isale. Imedumaa kwa baridi, shina limekunjamana, lakini ina majani mabichi. Isale haioti yenyewe huko juu. Ni mmea wa nyumbani, tunaupanda mipakani na juu ya makaburi. Lazima mtu aliipandisha mlimani kwa mkono wake.

Shangazi aliinama akalishika shina. "Alikuja kwangu," akasema. "Mdogo wangu. Wiki ile mliyoteremka. Alitaka kipande cha isale kutoka shambani kwa baba yetu, mimi ndiye niliyemkatia. Nilimwuliza ya nini, akasema ana mtu wa kumwekea mpaka." Alinitazama mimi. "Sikumwuliza mtu gani."

Akanyoosha mkono, akachuma jani moja. Alimpa mama kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Kwetu anayekuja na jani la isale anaomba yaishe. Mama alilipokea. Akamshika wifi yake mkono. Walisimama hivyo wazee wawili, pua zinawatoka kamasi kwa baridi na kwa kilio.

Kisha mama akavua viatu.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Baba yako hakuniruhusu kupanda mnara huu hata siku moja. Kwanza ilikuwa sheria ya serikali, halafu ilikuwa mimba." Alikuwa ameshafunga khanga kiunoni. "Sasa sina mimba."

Nilimsihi. Shangazi akaniambia nimwache, akaenda kushikilia ngazi kwa chini kama mtu ashikiliaye ng'ombe. Mama alijaribu kila kipandio kwa mkono kabla ya kukikanyaga, na palipokosekana kipandio alikumbatia nguzo. Alipofika juu aligeukia bondeni.

"Naona Moshi," akasema. "Naona moshi wa treni. Naona Kiboriloni, na nyika yote mpaka milima ya Upare." Baadaye, kwa sauti ndogo: "Kumbe alikuwa anatuona nyumbani. Naona migomba yetu."

Shangazi aliachia ngazi, akatia mkono mdomoni, akapiga vigelegele. Vile vya kumpokea mtoto, virefu, mpaka pumzi ikamwishia, akavuta nyingine akaendelea. Nilikuwa mtu mzima, nasomea kuzalisha wengine, na hapo ndipo niliposhangiliwa kuzaliwa kwangu.

Tulikula ndizi za kuchoma kwenye mafiga ya baba, tukateremka kabla ya mvua. Jumapili, baada ya ibada, shangazi aliwakusanya wanawake nje ya kanisa akawasimulia. Alipofika kwenye njia ya tembo alisema ni yeye aliyetambua kwamba si yenyewe. Nilitaka kusema neno. Mama, aliyekuwa kando yangu, alinibana kiwiko.

"Mwache," akanong'ona. "Sikiliza anavyosimulia vizuri."