Nilikuwa na K tatu, nikashindwa ku-raise kwa mtu ninayempa shikamoo

Wakuu, habari za jioni. Hiki kimenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi, na hadi leo kinanisumbua kichwa.

Tuko wawili kwenye mashine ya kusukuma maji huku Kisarawe: mimi na Mzee Filbert, amebakiza mwaka mmoja astaafu.

Krismasi lazima mmoja abaki. Mzee akawahi kusema anakwenda kwao Rombo. Mimi mwanangu wa kwanza alikuwa anabatizwa siku hiyo Kibaha, kwa wakwe. Sikusema. Nilisema tu, "Basi tucheze karata, mzee, atakayeshindwa abaki." Akakubali.

Tulicheza limit hold'em, aina ya poka. Niliijulia kwenye simu, nikamfundisha mwenyewe.

Kwa wasioijua: kila mtu ana karata mbili za siri, tano zinafunguliwa mezani kwa awamu. Dau lina kikomo, kwetu korosho mbili kila raundi. Mwenzako akiweka, unatupa karata, au una-call kwa kuweka mbili kama yeye, au una-raise kwa kuongeza mbili nyingine juu yake.

Tulianza na korosho ishirini kila mtu, mwenye chache mwishoni ndiye abaki kazini. Mkono wa mwisho nina kumi na moja, yeye ishirini na tisa.

Nikapata K mbili. Mezani zikaja K, 9, 4, kisha 2, kisha 7, za aina mchanganyiko. Wanaojua mchezo wameshaona: hakuna karata ya kunishinda hapo.

Mzee aliweka mbili kila raundi, raundi nne, ya kwanza kabla ya karata za mezani. Na mimi nika-call zote nne. Kila nikitaka kupandisha mkono unakuwa mzito, naona kama namjibu mkubwa.

Alikuwa na 9 na 7, jozi mbili tu. Nikala korosho zake nane.

Hesabu sasa: mimi kumi na tisa, yeye ishirini na moja. Raise moja tu, akaifuata, ningekuwa mimi mwenye ishirini na moja.

"Hizo K tatu uliogopa nini, kijana?"

"Sikuogopa, mzee. Heshima tu."

Akacheka, akaenda kufunga begi.

Ubatizo niliuangalia kwenye WhatsApp, mashine inanguruma, sikusikia hata padri alivyotaja jina la mwanangu. Niliumia sana wakuu.

Mzee aliporudi akaona picha kwenye simu yangu.

"Huyu wako? Mbona hukusema?"

"Ulishasema Rombo, mzee."

"Nilisema, ndiyo. Na wewe ungesema, ningesafiri siku ya pili yake."

Nimejifunza kwamba kumbe ile siku nilianza ku-call kabla hata karata hazijagawiwa.

Wataalamu, kwenye limit mnajuaje raundi ya kuanza kupandisha? Na kama yupo aliyewahi kumpandishia mtu anayempa shikamoo, atuambie alianzaje.