Bomba Lililonuka Sambaza Ukweni

Siku hiyo naikumbuka hata kwa pua, mwanangu. Ndiyo maana nilipokuona umechuchumaa hapo uani, unasugua bomba la moshi la pikipiki yako kwa waya wa kusugulia sufuria, nimekuomba uache kidogo ukae. Waya huo utakwangua kromu, na mimi nilishafanya ujinga mkubwa kuliko huo.

Nilikuwa kijana wa mtaa huu huu wa Cimpunda, nabeba abiria kwa pikipiki, na nilijiona nina akili kuliko walionizaa. Nilikuwa nimempenda Nsimire, binti wa kijiji cha Katana. Jumapili moja ilipangwa niende kwao kwa mara ya kwanza pamoja na tonton wangu, yaani mjomba, ambaye ndiye angenisemea, maana kwetu kijana hajiombei mke kwa mdomo wake mwenyewe. Zawadi yetu ilikuwa dumu la kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nilijua baba yake Nsimire alikwisha kuwarudisha vijana wawili, kwa hiyo usingizi ulinipaa wiki nzima.

Nikasema lazima niingie pale na pikipiki inayometameta. Lakini bomba, lililokuwa kama kioo nilipoinunua pikipiki, joto lilikuwa limelipika: karibu na injini bluu, mbele kidogo zambarau, halafu rangi ya chai. Nikajaribu sabuni, wapi. Nikajaribu jivu, wapi.

Mama yangu alikuwa anauza sambaza za kukaanga, vile visamaki vidogo vya ziwani. Jikoni kulikuwa na bakuli la mafuta aliyokwisha kukaangia. Nikachovya kitambaa, nikapaka bomba. Mwanangu, liling'aa! Bluu yote ikajificha. Nikapaka mara ya pili, na ya tatu kwa heshima ya wakwe.

Mama akanitazama. "We, ile ni mafuta ya samaki."

Nikamjibu kwamba yeye hajui mambo ya pikipiki. Ndivyo nilivyomjibu mama yangu, Mungu anisamehe.

Hata mji hatujaumaliza, bomba likapata joto. Tonton, aliyekaa nyuma na dumu mapajani, akaanza kunusa. "Simamisha, kuko mutu anakaanga sambaza hapa karibu." Nikajitia kiziwi. Tulipofika Kavumu akasema vilevile, na baada ya Kavumu akasema tena, safari hii kwa hasira. Mbwa wa kila kijiji walitusindikiza. Mimi nikakaza macho mbele na kuongeza mwendo, na mwendo ukaongeza joto, na joto likaongeza harufu.

Mama yake Nsimire alitupokea mlangoni. Alivuta pumzi, akatabasamu hadi macho yakafumba. "Karibuni! Muliwaza muzuri sana kutuletea sambaza." Akaamuru bugali upikwe na sahani zipangwe. Kisha akatafuta kifurushi, akaona dumu tu.

"Sambaza iko wapi?"

Tonton akanigeukia. "Hata miye ninauliza, maman. Tangu asubui ninauliza."

Elewa jambo hili, mwanangu. Kufika ukweni mikono mitupu ni aibu, lakini watu husamehe. Kula njiani chakula ulichowabebea wakwe ni jambo lingine kabisa. Mtu wa namna hiyo hapewi hata kuku wa kufuga.

"Mulikula mu njia," akasema yule mama, naye hakuwa anauliza. Kwenye mlango wa jiko nikamwona Nsimire anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Moyo uliniuma kwelikweli. Nikafungua mdomo, ukatoka uongo: "Maman, tulipita mu soko, harufu ilishika mu nguo." Siku yenyewe Jumapili, soko limefungwa, na kila mtu pale alikuwa ametoka misa.

Baba yake Nsimire alikuwa ameketi kando. Alikuwa anamtazama paka wa nyumbani kwao, aliyekuwa anaizunguka pikipiki yangu huku analia. Mzee huyo alikuwa ametengeneza pikipiki za misheni miaka mingi. Akainuka, akafuta bomba kwa jani la mgomba, akalinusa lile jani, akacheka mpaka akashika mti wa uzio. Halafu akaacha kucheka.

"Ni hii ulikuwa unaficha?"

"Ndiyo, papa. Niliona haya. Rangi iliharibika."

"Bleu haiko buchafu, mutoto wangu. Moteri yako iko inavuta hewa mingi na esansi kidogo, njo maana inachomeka. Ilikuwa inakuambia, na weye unaipaka mafuta. Siku bibi mwenye utaoa atagonjwa, utamupaka poudre ku uso?"

Nililia kidogo, sikufichi.

Akaleta bisibisi, akanipigisha magoti na suruali yangu ya Jumapili, akanionyesha jinsi ya kurekebisha kabureta ili injini ipate petroli ya kutosha. Bomba lilipopoa tukaliosha mafuta kwa sabuni. Kisha akatoa ile karatasi ya kung'aa iliyo ndani ya pakiti ya sigara, akailowesha maji, akanifundisha kusugua taratibu. Rangi ya chai ikatoka. Bluu ikapungua lakini haikuisha, nami nikazidi kusugua kwa nguvu. Akanishika mkono.

"Acha. Nimekwisha kuiona. Ingia tukule."

Tulikula bugali na maharage. Mama mkwe hakuniangalia mpaka Jumapili iliyofuata, niliporudi na beseni zima la sambaza za kweli. Aliyezikaanga ni mama yangu, baada ya mimi kumwomba msamaha.

Basi weka chini huo waya, mwanangu. Tafuta kwanza kinachochoma bomba lako, ukitengeneze, ndipo usugue, tena likiwa baridi. Na mkeo ukimwona amebadilika, usikimbilie kumnunulia kitenge, kaa naye umuulize. Ukienda kwa watu unaowapenda, waache waone ulivyo. Wakikupokea wakati umejificha, utaishi na hofu ya kugunduliwa mpaka uzeeni.

Mungu akupe pikipiki isiyozimika mlimani, mke asiyekuogopa, na mkwe anayecheka kabla ya kukasirika. Haya, mwanangu, lete bisibisi tuisikilize injini hiyo.