Mama Mkwe Alijua Kwamba Siku Zile Sikufunga

Admin, nifiche jina na sura. Mimi ni mama wa miaka sitini na tisa, naishi Kampala. Anayeniandikia ni mjukuu wangu, maana macho yangu hayaiwezi tena simu, na ameniapia kwamba hatamwambia mama yake. Wa kutukana atukane tu, nimeshatukanwa na wakubwa kuliko ninyi.

Niliolewa miaka ya sabini, wakati wa utawala wa jeshi. Mume wangu alikuwa askari. Tulikaa Kibuli, nyumba moja na mama yake, mwanamke mpole aliyenipenda kama bintiye. Mwaka wa pili wa ndoa mume wangu alipelekwa mpakani kabla ya Ramadhani, akarudi asubuhi ya Idi watu wakitoka msikitini. Mwezi mzima nilikuwa na mama mkwe tu. Kumi la mwisho likanikuta hedhini, na mwanamke akiwa hivyo hafungi. Mama mkwe ndiye aliyenipikia uji, akanifungia mlango wa jikoni nisionwe nikinywa mchana.

Baada ya Idi nikashika mimba. Kutapika kulipozidi, mume wangu alinipeleka kliniki mwenyewe, amevaa kombati, na foleni nzima ikatupisha kwa woga. Nesi akaniuliza hedhi ya mwisho niliiona lini, nikamnong'oneza. Akahesabu, akamgeukia mume wangu akitabasamu. "Afande, hongera. Ni wiki nane."

Tukafika nyumbani. Akaweka bunduki mezani. "Wiki nane? Mimi narudi siku ya Idi, na Idi haijamaliza wiki saba. Hii tumbo ni ya nani?"

Niliapa kila kiapo ninachokijua. Mimi mwenyewe sikuelewa kwa nini nesi alisema vile. Nilidhani amekosea, au labda mwili wangu una kasoro. Nani angenieleza? Na mume wangu hakutaka maelezo, alitaka jina. "Taja yeye! Wewe taja jina tu, mimi nitamaliza." Ninyi wa leo hamwezi kujua. Siku zile askari akikunyooshea kidole unatiwa kwenye buti ya gari, na watu wako hawathubutu kuuliza ulikopelekwa. Ningetaja mwanamume yeyote, fundi cherehani wa jirani au muuza maziwa, wanawe wangekuwa yatima. Nikafunga mdomo. Yeye akasema kimya changu ndio ushahidi.

Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka. Nilimtazama, nikitegemea aseme lolote la kunitetea. Akainamisha kichwa akaendelea kuchambua mchele. Nikapewa talaka tatu mbele yake.

Binti yangu alizaliwa Kamwokya kwa kaka yangu. Baba yake alikataa hata kumpa jina. Utawala ulipoanguka akakimbilia Sudan, akarudi baada ya miaka mingi na kutulia Arua na familia nyingine. Binti yangu alipokuwa anaolewa alimtumia mtu, akimwomba aje awe walii wake. Jibu lililorudi: "Mimi sina mtoto huko." Ikabidi sheikh asimame mahali pa baba, na bibi harusi alilia mpaka wanja ukaharibu gauni. Siku ile nilitamani kufa.

Mama mkwe peke yake hakututupa. Kila Idi alimletea mwanangu nguo mpya. Mimi nilidhani ni huruma.

Sasa mwaka huu mjukuu wangu huyu anayeandika ameolewa. Ndoa ina mwezi mmoja, anatoka kliniki anasema, "Jajja, wameniambia mimba ina wiki sita." Nikasema basi, yamerudi. Lakini mumewe alikuwa anacheka! Nesi alikuwa amewaeleza vizuri: wanahesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo zile wiki mbili za mwanzo zinahesabiwa, lakini mimba yenyewe huwa bado haijaingia. Kijana wa watu akaenda zake kumtafutia mkewe maembe. Mimi nikajifungia chooni nikalia mpaka sauti ikakauka. Kumbe nesi wangu hakukosea. Kumbe ni jambo la kuelezwa kwa dakika mbili.

Kesho yake nikaenda kwa mama mkwe. Yuko kitandani, hawezi kusimama, ila akili zake zimo zote. Nikamwambia, "Mama, zile siku mwanao alizosema nilikuwa na mwanamume, mimi nilikuwa hedhini. Wewe ndiye uliyenipikia uji."

Akafumba macho. "Mimi najua. Siku ile ile nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Mama atasema mambo ya damu ya mwanamke mbele ya mutoto yake mwanaume? Niliona haya. Halafu ile bunduki... Nisamehe, binti yangu. Lakini yeye usimwambie sasa. Ngoja mimi nikufe kwanza, asinizike na hasira."

Jamani, nampenda mama huyu na ninamchukia, yote kwa pamoja. Binti yangu ndiye anayemwogesha na kumlisha kila siku, na hajui lolote. Baba yake anakuja Ijumaa kumwona mgonjwa. Mimi hataniamini, na habari za manesi hatazisikiliza. Atauamini mdomo mmoja tu, wa mama yake. Nikisubiri mama afe, shahidi wangu amezikwa. Nikimlazimisha aseme, namvua nguo mbele ya mwanawe akiwa kitandani pa kufia, naye ameniomba kwa machozi.

Ndugu zangu, msinicheleweshe, Ijumaa iko karibu. Nimsitiri mama mkwe, au nimpe binti yangu baba?