Nilimwuliza kila droo huku nikijua anaondolewa

Admin, ukiiweka hii naomba jina langu lisionekane, maana watu wa Tanga tulioko huku tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka 31, nina mke na mtoto mmoja wa kike niliyemwacha ananyonya. Niko Riyadh mwaka wa nne sasa. Nafanya kazi kwenye duka dogo la vifaa vya mafundi cherehani, mtaa wa Dirah: vifungo, zipu, lasi, bitana, nyuzi, vitu vidogo vidogo maelfu. Bosi wetu ana duka jingine kama hili Jeddah.

Kazi hii sikuipata mwenyewe. Nilikuja kama dereva wa familia, wakanichoka, nikawa nahangaika. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Mombasa, nitamwita Ami Bakari. Yeye alikuwa dukani hapo miaka kumi na tisa. Alinilaza chumbani kwake miezi sita na ndiye aliyemwomba bosi anihamishie ikama, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi huku. Duka lote lilikuwa kichwani mwake. Fundi akiingia na kitufe kimoja kilichovunjika, Ami anakiangalia, anapanda ngazi, anashuka na droo yenyewe. Hakuna kilichoandikwa popote.

Mwaka jana bosi akaleta kompyuta na programu ya mauzo, ile ambayo kila bidhaa inabandikwa stika yenye mistari, ukiipitisha kwenye mashine inajiandika imeuzwa na stoo inajipunguza. Alitaka akiwa Jeddah aone kwenye simu kilichobaki Riyadh. Kwa kuwa nilisoma kompyuta kidogo nyumbani, akanipa mimi kazi ya kuingiza vitu vyote. Lakini mimi nilijua kuchapa tu, majina sikuyajua. Ikabidi nimwulize Ami kitu kimoja kimoja.

Hakuwahi kunichoka. Anashusha droo, anazimwaga zipu mezani, anazichambua. "Hii andika ya kanzu, hii ya mkoba. Na uweke na lile jina la Wapakistani, wao hawaiiti hivyo, watakuja kukusumbua." Kwa kweli programu ile ikawa nzuri kwa sababu yake.

Mwezi wa pili mwaka huu bosi akaniita nje, tukakaa ndani ya gari lake. Akaniuliza, "Ukimaliza kuingiza, utaweza duka peke yako?" Akaendelea, "Ikama ya Bakari inakaribia kuisha. Siihuishi. Amezeeka, na sasa mashine itajua. Wewe nitakupa likizo ukamwone mtoto wako."

Nikasema, "Naam baba, nitaweza."

Niliporudi ndani Ami akauliza, "Amekwambiaje?" Nikamwambia anaulizia kazi imefikia wapi. Akasema, "Basi tufanye bidii, asije akakulaumu."

Hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Kwa wiki tano zilizofuata niliendelea kumwuliza huku najua. Tena nilimharakisha. Kulikuwa na droo za juu kabisa nyuma, za vifungo vya zamani, alikuwa anaziahirisha kwa sababu ya magoti. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi nikamwambia tuzimalize leo.

Tulipomaliza, bosi alikuja akamwambia, "Halas, Bakari. Mwisho wa mwezi unasafiri." Ami hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, kisha akaniambia taratibu, "Nenda kaniombee. Wewe akusikiza." Nikaingia ofisini kwa bosi. Nikaongelea stika zilizoisha. Nikatoka nikamwambia Ami nimemwombea sana, bosi amesema atafikiria, huenda akamrudisha kwa viza mpya. Akanishika mkono akaniombea dua.

Sasa ni mwezi wa saba tangu arudi Mombasa. Kila Ijumaa ananitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, bosi amesemaje?" Nami najibu bado anafikiria. Kibaya zaidi, mteja akija na kitu ambacho kwenye kompyuta hakionekani, nakipiga picha na kumtumia Ami. Ananielekeza mpaka droo ilipo, nami naingiza jina kwenye mfumo.

Mwezi uliopita nilijikaza nikamwombea kweli. Bosi hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. "Mafi Bakari, hakuna Bakari tena. Kila kitu kimo humo ndani." Nikaulizia likizo yangu. Akasema nikiondoka duka atamwachia nani.

Halafu mke wa Ami akanipigia simu, Ami mwenyewe akiwa msikitini. Akasema, "Mwanangu, niambie kweli. Mwenye duka la vitambaa hapa Kongowea amemtaka awe mtunza stoo, yeye akamkatalia, amwambia yuwangoja viza. Hiyo viza ipo?" Nikamwambia, "Tuvute subira, mama." Akanishukuru. Nimesikia nafasi hiyo imeshachukuliwa na mtu mwingine.

Nikimwambia ukweli, nitamwambia pia kwamba yule mtu aliyemlaza chumbani kwake alijua wiki tano nzima. Nikinyamaza, ataendelea kukaa hivyo. Mke wangu anasema ninyamaze, atachoka mwenyewe. Mimi hata nikisali najiona mnafiki.

Ijumaa iliyopita hakutuma sauti. Alituma picha ya pasipoti yake mpya, amekwenda kuihuisha, na chini ameandika: "Mwambie bosi niko tayari."

Mpaka leo sijaijibu. Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa wenye umri wa wazazi wetu, ingekuwa ni ninyi mngependa kuambiwa? Na mimi nianzie neno gani?