Sanduku la Mninga Ziwani Manyara

Mwalimu Elia, aliyekuwa akifundisha Temeke, alikuja karakanani kwangu Keko na kamera ya vioo, ile ya kizamani inayopiga picha juu ya vipande vya kioo, aliyoachiwa na mmisionari mmoja. Akaiweka juu ya vumbi la mbao, akasema, "Fundi Mshamu, macho yangu yanazimika." Alisema kama mtu anayekwambia kiatu chake kimetoboka. Vitu vya mbali alikuwa havioni tena. Cha karibu, akikisogeza puani, alikiona, ila daktari alikuwa amemwambia kuwa hata hicho kitakwisha kabla ya mwaka kugeuka. Kwao ni kaskazini, kando ya ziwa Manyara. Alitaka kupiga picha za ndege na wanyama wa huko, arudi nazo azisogeze puani, azitazame mpaka ashibe. Akaniomba nimtengenezee sanduku lisilopitisha mwanga, la kuwekea vioo vilivyokwisha kupigwa picha, kisha nifuatane naye nimwelekezee kamera. Mie mtu wa Pwani, nilikuwa sijavuka Morogoro maishani mwangu. Nikakubali yote mawili.

Niseme kosa langu mapema. Mbao ya mninga hukaa kivulini kiangazi kizima ndipo ifae kwa kazi ya kubana namna ile. Yangu ilipasuliwa mwisho wa masika, ina miezi miwili tu. Likizo ya shule ilikuwa imekaribia. Nikaigonga kwa kidole, nikajidanganya kuwa imekauka, nikaunga. Mwalimu alipapasa viungo vyote, akasema hapapiti hata wembe. Siku hiyo hapakupita kweli.

Tulipanda treni asubuhi, na kesho yake tukashuka Dodoma. Hewa ya huko ni kavu mno. Midomo ilinipasuka, na ngozi ya mikono ikawa nyeupe kama niliyeshika chokaa. Hapo ndipo ningepaswa kuikumbuka mbao yangu, kwamba nayo itakauka na kujikunja. Sikuikumbuka. Nilikuwa nahangaika kutafuta lori la Kondoa.

Kutoka Kondoa mpaka Babati tulikaa juu ya magunia, nguo zote rangi moja na barabara. Mwalimu alikuwa akiniuliza, "Tumefika wapi? Kuna nini kushoto?" Nikimjibu kuna milima, ananiuliza ya rangi gani. Nilichoka kujibu, na nadhani aliliona hilo, maana baadaye aliacha kuuliza.

Siku ya sita tulifika kwa dada yake, Mama Paulo, mjane anayelima mahindi karibu na ziwa. Alimshika kaka yake usoni kwa mikono miwili, akaniuliza mie badala ya kumuuliza yeye, "Ananiona?"

"Nakuona," Mwalimu akajibu. "Usisogee tu."

Kesho yake alfajiri tukashuka ziwani. Maji ni ya magadi, yananuka, na ukingoni matope yamekauka yakapasukapasuka. Heroe walikuwa wamejaa, ndege wale wekundu wa miguu mirefu, hata sehemu kubwa ya maji huioni. Nilielekeza kamera, Mwalimu akajifunika kitambaa cheusi, akabandika jicho kwenye kioo cha nyuma. Humo kila kitu huonekana kichwa chini. Alikaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na machozi, akasema, "Wamo. Hata miguu naihesabu." Tulipiga heroe, tukapiga twiga watatu na kundi la nyumbu. Vioo kumi na viwili vikaingia sandukuni.

Siku ya pili, kama saa nne, nilikuwa nimeketi juani na sanduku mapajani nikaona mstari. Pembeni kiungo kilikuwa kimeachana, wembe unapita na nafasi inabaki.  Nikamwendea Mama Paulo, nikamwomba nta.

"Nta ya nini, kaka?"

"Bawaba zinalia."

Mwalimu alisikia, akacheka. "Fundi huyu hapumziki," akasema. Sifa ile ndiyo iliyonifunga mdomo. Mtu amenisifu mbele ya dada yake, nitamwambiaje kuwa nimemuungia mbao mbichi? Nikauziba ufa kwa nta, basi.

Siku ya mwisho tulishuka tena ziwani, tukiwa na dazeni nzima ya vioo vipya, bado vimo kwenye makasha yake ya kiwandani. Mwalimu akauliza, "Vile vya kwanza viko salama?"

"Viko salama."

"Basi vinatosha. Hivi nitawapigia picha wanafunzi wangu."

Wakati ule ule heroe wakaruka wote kwa pamoja. Sauti ya mabawa ilikuwa kubwa, Mwalimu akanishika bega kwa nguvu. "Umeona, Fundi?"

"Nimeona," nikasema.

Njia ya kurudi nilikumbatia sanduku kama mgonjwa. Kufika Dodoma nta ilikuwa imeyeyuka.

Huku Dar es Salaam tulivipeleka vioo vikasafishwe kwa Mgoa mmoja, mtu wa Goa huko Bara Hindi, mwenye studio mjini. Siku ya kuvichukua alivipanga mezani, vyote kumi na viwili, vyeusi tititi. "Mwanga umeingia," akasema. Mwalimu alichukua kimoja, akakisogeza puani, akakigeuza, akachukua kingine. Alivimaliza vyote. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia yote, mbao na nta.

Hakugomba. Aliuliza tu, "Ulijua tukiwa kule kule?"

"Nilijua."

"Ungeniambia, tungepiga tena kwa vile vioo vipya, tukavifunga kwa kitambaa cheusi."

Tulitoka nje, akakaa kwenye ngazi ya studio. Akasema, "Basi nisimulie wewe. Walipoondoka wote kwa pamoja, walikuwaje?"

 Muda wote ule wa mabawa macho yangu yalikuwa kwenye ufa wa sanduku.

"Walikuwa wekundu," nikasema.

"Hilo nalijua, Fundi," akajibu, akaangalia upande mwingine.