Nyumba Ambayo Darasa Halikuijua

Jumamosi iliyopita tulimzika mwalimu wangu wa Kiingereza wa darasa la tano, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Sikulia. Nilikula wali na nyama pamoja na wengine, nikasikiliza kwaya, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunirudia.

Tulifika Bungoma kutoka shamba letu la Kitale baada ya fujo za uchaguzi: mimi, mama, na cucu, yaani mama wa baba. Rafiki wa mama, muuza vitunguu wa soko la Chwele, alitupa chumba. Asubuhi nilichota maji, nikanywa chai bila maziwa, nikaenda shule. Usidhani nilikuwa na huzuni, rafiki yangu. Sikuhisi chochote.

Mwalimu alitufundisha lini tuseme 'a', lini 'the', na lini tuongeze 's'. 'Plural' kwake ilikuwa 'prural', nasi tukaikariri hivyo hivyo. Siku moja alitaka kila mtu aandike kuhusu kwao. Nikaandika: 'The house has a red roof.' Akasimama kando ya dawati langu.

"Nyumba gani hiyo? Sisi hatuijui," akasema. "Kitu watu hawakijui, unaanza na 'a'. Ukishawaonyesha, ndiyo unasema 'the'. Simama utuonyeshe."

Nikaanza na 'a house', kisha Kiingereza kikaniishia, akanikubalia niendelee kwa Kiswahili. Nikawaeleza mabati yaliyopakwa rangi nyekundu, mahindi yaliyoanikwa uani, moshi wa jikoni cucu akiponda mukimo wa viazi na mahindi, ng'ombe walivyolia wakisikia mlio wa ndoo. Nilisema kama mtu anayesoma bei za sokoni. Msichana wa dawati la mbele akauliza, bila ubaya, iko wapi.

"Ilichomwa."

"Sasa tumeijua," mwalimu akasema. "Hiyo 'the' ibaki."

Nilikuwa nimeandika 'has', kana kwamba bado ipo. Hilo hakulisahihisha.

Hatukurudi Kitale. Cucu alizikwa Bungoma, mama akauza shamba kisha naye akamfuata kaburini, na aliyelinunua amepanda mikaratusi mpaka barabarani. Sasa mwalimu pia ameenda. Waliobaki wakiijua nyumba ile ni watoto wa darasa moja, sasa watu wazima waliotawanyika, na sidhani kama wanaikumbuka.